Upande Wangu wa Kushoto

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua zimeanza na sare zimeanza. Hivi viwili havijawahi kuachana. Wingu likitanda tu, wazazi wanakumbuka kwamba watoto wao wamerefuka na shule zinakaribia kufunguliwa. Safari hii Dada amepata oda ya shule nzima ya wasichana, sketi za marinda, na marinda ni yangu. Dada anakata, mimi nashona, Mama Vifungo anaweka vifungo na umbeya. Msimu uliopita sikuandika kitu, nikaishia kubishana na kila mtu nani alisema nini. Safari hii naandika.

Jumatano, 6 Novemba

Nimejigonga bega kwenye fremu ya mlango, mlango uleule ninaopita tangu tufungue duka. Mama Vifungo akasema, "Shoga, mlango umekukosea nini? Si uuombe radhi yaishe." Tumecheka mpaka uzi ukakatika.

Ijumaa, 8 Novemba

Marinda. Mvua. Marinda.

Jumatatu, 11 Novemba

Mteja amenisusia. Kumbe alisimama kushoto kwangu muda mrefu, ananisalimia, mimi nashona tu kama sijasikia. Nilisikia sauti, nikadhani anazungumza na Mama Vifungo. Akaenda kumwambia Dada, "Fundi wako ameanza maringo." Kwa kawaida Dada angenisema palepale mbele ya mteja, maana hajui kuweka akiba ya maneno. Leo hakusema kitu. Alinitazama kwa muda, kisha akamwambia yule mama, "Amechoka huyu, msamehe."

Nimeshangaa. Labda uzee unamlainisha.

Jumanne, 12 Novemba

Leo nimekuta Dada amehamisha meza ya pasi. Siku zote ilikuwa kushoto kwangu, sasa iko kulia. Nikauliza kulikoni. "Naona unajipinda sana," akasema, chaki mdomoni, hata hakuinua uso.

Dada si mtu wa maneno matamu. Mapenzi yake yako mikononi. Tulipokuwa wadogo hakuwahi kuniambia ananipenda, ila nguo zangu ndizo zilizotangulia kufuliwa. Nimeshona siku nzima na moyo mweupe.

Jumamosi, 16 Novemba

Tulikwenda kununua uzi, Dada na mimi. Kwenye kuvuka barabara akanivuta mkono kwa nguvu, pikipiki ikapita mbele ya pua yangu. Sijui ilitokea wapi. Nikamlaani dereva na ukoo wake wote. Dada hakumlaani mtu. Alinishika mkono mpaka dukani, yeye kushoto, mimi kulia, kama ananipeleka chekechea.

Tuliporudi nikasema labda niende kwa daktari anitazame macho, yamechoka. Namaanisha daktari wetu, yule wa kona, aliyemtibu marehemu mama na aliyewachoma sindano watoto wa Dada wote wawili. Sisi kwetu daktari ni wa watoto wenye homa. Mtu mzima anakwenda akibebwa.

"Yanauma?" Dada akauliza.

"Hayaumi."

"Sasa unamwendea nini? Kumsalimia?"

Mama Vifungo akadakia, "Ukienda mzima utarudi mgonjwa. Wale hawakosi la kukukuta nalo."

Dada akasema oda ikiisha atanipeleka mwenyewe, kwa sasa ninunue miwani kwa yule muuza saa. Nikaona sawa. Kitu kisichouma kitangoja.

Jumatatu, 25 Novemba

Miwani nimenunua. Naona sindano vizuri sana. Ila bado najigonga.

Alhamisi, 28 Novemba

Dada amekuwa mtu wa ajabu. Ameondoa stuli zote zilizokuwa njiani. Amemkataza Mama Vifungo kuacha mkasi kwenye ukingo wa meza yangu. Chai yangu anaiweka mkono wa kulia kila siku, bila kukosea. Mama Vifungo amesema, "Mwenzangu unalelewa! Mimi dada yangu akiniletea chai ujue anataka kukopa." Nikamjibu kwamba dada si kila mtu anaye. Nilijivuna, sisemi uongo.

Jumanne, 3 Desemba

Naandika kwa shida, mkono wa kushoto umefungwa bandeji nao ndio unaoshika daftari lisiteleze.

Asubuhi Dada hakuwepo, alisema ana shughuli zake. Wakaja wapagazi na majora ya kitambaa, wakayapanga upande wote wa kulia, na meza ya pasi wakairudisha kushoto. Mama Vifungo akawasha pasi. Mimi nikavuta sketi, nikaegemea kushoto ili niinuke, nikaegemeza mkono juu ya pasi ya moto. Yaani si kuigusa. Niliilalia na uzito wangu wote. Ilikuwa pale wazi, nyeupe, kubwa, inatoa mvuke, na mimi sikuiona.

Mama Vifungo akanikokota kwa daktari huku analia kunishinda mimi.

Daktari akasafisha kidonda. Amezeeka, ila vidole vyake bado ni vilevile. Akauliza nimeunguaje. Nikamwambia. Akaacha pamba.

"Hukuiona?"

"Sikuiona."

"Ilikuwa imefunikwa?"

"Hapana. Nilikuwa na haraka."

Akanifunika jicho la kulia kwa kiganja changu mwenyewe, akaniambia nimtazame puani nisipepese, na niseme "naam" nikiona kidole chake kinatokea pembeni. Nikangoja kidole. Nikangoja sana. Nikamwambia, "Daktari, anza basi." Akasema ameshaanza zamani, na kidole chake kinakaribia kunigusa sikio.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Akavuta kiti. Akasema atanipeleka hospitali ya macho keshokutwa, atapiga simu mwenyewe. Anashuku presha ya macho. Hii haiumi, akasema, haiwashi, haitoi chozi, inakula pembeni taratibu, na mtu anaendelea kusoma na kutunga uzi kwenye sindano kama kawaida. Nikamuuliza, sasa mtu angejuaje? Nilimuuliza kwa hasira, kama yeye ndiye aliyenitia ugonjwa huo.

"Asingejua," akasema. "Ndiyo maana anatakiwa aje kabla hajaumwa. Nyinyi mnaniletea vidonda. Kidonda hata mwenye duka la dawa anakifunga. Mimi kazi yangu ni kujua mama yenu alikuwa na nini, halafu niwatafute nyinyi."

"Mama alikuwa mzee tu. Macho yalikwisha kwa uzee."

"Hayakuwa ya uzee," akasema, na akatazama dirishani. "Nilidhani mnajua."

Alipokuwa ananiandikia, kama mara mbili alifungua mdomo akaufunga. Nilidhani anatafuta maneno ya kunifariji.

Alhamisi, 5 Desemba

Hospitali ya macho. Jicho la kushoto limeshapoteza sehemu kubwa. La kulia limeanza pembeni. Nimepewa dawa ya matone, kila siku mpaka nife. Yule daktari wa pale ni kijana, anasema maneno mabaya kwa sauti nzuri. "Kilichopotea hakirudi, mama. Tunalinda kilichobaki." Nikamuuliza, ningekuja mwaka jana? Akasema ningekuwa na kingi zaidi cha kulinda.

Jioni nikamwambia Dada. Akakaa juu ya majora, akaficha uso kwenye mikono, akalia kwa sauti. Sijamwona Dada analia hivyo hata siku ya msiba wa mama. Nikasahau yangu, nikaanza kumbembeleza yeye. Nikamwambia, "Nyamaza Dada, hata daktari hakujua. Nani angejua?" Akazidi kulia.

Jumamosi, 7 Desemba

Bado nashona. Dada amesema nipumzike, halafu ameniletea marinda nyumbani.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua. Matone. Yanachoma kidogo.

Jumamosi, 14 Desemba

Shemeji, mume wa Dada, amekuja kunijulia hali. Mtu mpole, akiongea unadhani anaomba ruhusa. Amekuja na mkungu wa ndizi na pole nyingi.

Nikamwambia shida yangu ni kujitilia matone. Naangalia juu, nabana chupa, dawa inaishia shavuni.

"Hata dada yako alianza hivyohivyo," akasema. "Ndiyo maana mimi humtilia. Lala chali, shemeji, vuta ngozi ya chini, usimfuate mtu kwa macho. Utazoea. Yeye sasa hata habari hana."

Nikasema, "Yeye anatilia nini?"

"Si haya haya?" akasema, na akaonyesha chupa yangu. "Tangu mvua za mwaka juzi. Daktari wenu yule wa kona ndiye aliyemgundua. Akamwambia ndugu zake wote wapimwe, wasingoje kuumwa. Nimefurahi na wewe umeanza. Nilidhani mlikwenda pamoja siku zile, kumbe ulichelewa kidogo?"

Alikuwa anatabasamu. Halafu akanitazama usoni na tabasamu likamkauka. Maskini Shemeji. Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Shemeji," akasema, "usiniambie hukuambiwa."

Nilimwambia ndizi ni nzuri, ahsante.

Jumapili, 15 Desemba

Sikwenda kwa Dada jana kwa sababu nilitaka kwanza nikumbuke. Nimekumbuka yote. Meza ya pasi. Stuli. Kikombe cha chai mkono wa kulia. Yule mteja, na jinsi Dada alivyonitazama. Kutembea kushoto kwangu barabarani. Alikuwa ananipima! Yeye anajua inavyoanza kwa sababu imeanza kwake. Alijua nisichokiona kabla mimi sijajua kwamba sioni, na badala ya kusema neno moja, akasogeza fanicha.

Nami nikaandika humu kwamba ni mapenzi. Nimerudi kusoma ukurasa ule nikatamani kuuchana.

Leo asubuhi nimekwenda. Alikuwa peke yake dukani, anakata. Nikafunga mlango.

"Mwaka juzi," nikasema.

Hakuuliza mwaka juzi nini. Aliweka mkasi chini. Afadhali hapo, hakunifanya mjinga mara ya pili.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Oda ikiisha."

"Oda ipi, Dada? Hii? Na ya msimu uliopita? Na ya kabla yake?"

Akasema sielewi. Akasema watu wakisikia anayekata haoni vizuri, na anayeshona haoni vizuri, duka limekufa, na hilo duka ndilo linalotulisha wote. Akasema kila akitaka kufungua mdomo alikuwa anajiona yeye mwenyewe anavyopapasa kuta kama mama, na maneno yanarudi. Hayo nilimwelewa. Wallahi nilimwelewa, nikaanza hata kulainika, mpaka akaongeza:

"Na ningekwambia, nani angeshona marinda?"

Lilimtoka tu. Aliziba mdomo kwa mkono, lakini limeshatoka. Nimeliacha hapa kama lilivyo, nisije nikalipunguza.

Nilimwambia, "Ulikuwa unanipunguzia kujigonga ili niendelee kushona." Hakukataa. Nikachukua mkasi wangu na miwani yangu, nikatoka. Mlangoni nilijigonga tena, na yeye akasema "pole" kwa mazoea. Hapo ndipo nilipolia.

Jumatatu, 16 Desemba

Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi mafundi nguo ndio tungetangulia kujua.

Jumanne, 17 Desemba

Nimekwenda kwa daktari kumgombeza. Nikamuuliza kama alijua habari za dada yangu. Akasema, "Mtu anachoniambia ndani ya chumba hiki hakitoki. Na chako hakitatoka." Nikamwambia angeweza kuniita kwa sababu nyingine yoyote, hata kunipima uzito. Akasema, "Hilo nimelifikiria tangu siku ya pasi. Kila nilipokutana na wewe njiani nilikwambia upite nikutazame. Ulikuwa unaniambia huumwi."

Ni kweli. Alikuwa ananiambia, nami nilidhani anatafuta wateja. Nimetoka sina wa kumgombeza, na hasira yangu yote imerudi ilikokuwa.

Ijumaa, 20 Desemba

Mama Vifungo amekuja. Anasema Dada anashona marinda mwenyewe na yamepinda. Sikufurahi kama nilivyotegemea.

Jumapili, 29 Desemba

Daktari aliniagiza niwaambie ndugu wengine. Yuko mmoja tu, kitinda mimba wetu, tunamwita Breki kwa kuwa ni dereva wa lori na hajui kusimama akianza kuongea. Siku zote hizi nilikuwa nashika simu naiweka. Macho ndiyo kazi yake. Nikimwambia naye akakutwa nayo, nimemnyang'anya usukani. Nikajikuta nasema ngoja arudi safari, ngoja wanawe wafungue shule. Nikajisikia ninavyoongea: kama Dada, neno kwa neno. Nikapiga hapohapo.

"Mdogo wangu," nikasema, "nina jambo zito. Keti."

"Nimeketi, dada, mimi ni dereva."

Nikamweleza yote. Mama, presha ya macho, mimi, kwamba akapimwe hata kama haumwi. Akanisikiliza, jambo ambalo si desturi yake. Halafu akasema taratibu, "Dada, mimi nilishapimwa."

"Lini?"

"Mwaka jana, mvua hizihizi. Dada Mkubwa alinipeleka mwenyewe. Aliniambia kuna kitu cha ukoo na mimi ninabeba roho za watu barabarani. Nikaonekana sina, ila nirudi kila mwaka. Na aliniambia wewe ulishapimwa, uko salama. Akasema nisikuulize, maana mambo ya hospitali yanakutia hofu."

Kumbe mdomo wa Dada unafunguka. Nilikuwa nimeshaanza kumtengenezea kisingizio moyoni, kwamba aliogopa, kwamba maneno yalimkwama kooni. Hayakumkwama. Alimwambia mmoja, akamshika mkono akampeleka. Mimi akaniandalia uongo mzuri, akauweka kwa ndugu yangu usubiri, ili hata huyo asije akaniokoa kwa bahati.

Breki alikuwa anaita tu, "Dada? Dada, upo?"

Jumatatu, 30 Desemba

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 3 Januari

Nimekwenda kwa Dada mara moja, nikasimama uani, sikuingia. Nikamwambia ana binti wawili. Mkubwa ni mwalimu, mdogo bado anasoma. Awaambie, awapeleke kwa daktari. Nampa mpaka Jumapili, akishindwa nitawaambia mimi.

Akawaka. "Wewe utawaambia wanangu?"

"Mimi ni mama yao mdogo," nikasema. "Mungu hakunipa wengine."

Jumatatu, 6 Januari

Shule zimefunguliwa. Jumapili imepita, Dada hakusema neno. Nimewaita wasichana kwangu nikawaambia yote ya ugonjwa. Ya mama yao sikuyasema.

Alhamisi, 9 Januari

Tumekwenda kwa daktari wa kona, wasichana wawili na mimi. Tumekaa kwenye benchi moja. Dada amekuja nyuma yetu, hakuingia. Alisimama barazani na mwavuli wake, ingawa mvua ilikuwa imekatika.

Mwalimu, yule mkubwa, akamtazama mama yake kupitia kioo, akanigeukia. "Mama mdogo, mama alijua lini?"

"Muulize mwenyewe, yupo hapo."

"Nakuuliza wewe kwa sababu wewe hunidanganyi."

Nilikuwa nimejiapiza kwamba hilo halitatoka kwangu. Nikamwambia. Akapiga hesabu zake, akaona bandeji ilipokuwa, akaona miwani yangu. "Na sisi," akasema, "angetuambia lini?"

"Sijui, mwanangu. Nilimngoja."

Mdogo akaanza kulia chinichini. Mwalimu akainuka, akafungua mlango wa baraza. Sikusikia walichosemezana. Nilimwona tu Dada akinyoosha mkono, na mtoto akiuacha mkono ule hewani. Kisha wakaingia wote wawili, mmoja mbele, mwingine nyuma, na Dada akasimama mbele yangu, mbele kabisa, nimwone.

Daktari akachungulia. "Nani anaanza?"

"Huyu," Dada akasema, akinionyesha mimi. "Huyu ndiye alitakiwa aje zamani."

Nimeyasubiri maneno hayo tangu siku ya Shemeji. Yamekuja, na hayakunifanya chochote.

"Watangulie watoto," nikamwambia daktari. "Mimi nimeshachelewa."